Mchele Wenye Sumu wa Dokta Thobias

Chwaa, chwaa, chwaa.

Kitu kilikuwa kinasuguliwa ndani ya maji nyuma ya ua wa matete, na Thobias, aliyekuwa anapita zake kuelekea popote patakapompa chakula cha mchana, alisimama kama aliyeitwa kwa jina. Sauti ile aliijua. Ulikuwa mchele ukioshwa. Na katika mji wa Ngara, mwaka ule wa tisini na tano, mchele ulioshwa Krismasi, Pasaka na siku ya arusi. Leo ilikuwa Jumanne.

"Nani huyu anayeolewa Jumanne?" alijiuliza, akapenyeza jicho kwenye matete.

Hakuwa bibi arusi. Alikuwa nesi mgeni wa kambi ya wakimbizi, mwanamke mfupi ambaye mji mzima ulimwita Mchina, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kumwuliza. Aliyamimina yale maji meupe kwenye beseni, akayakamulia ndimu, akainama na kujimwagia kichwani taratibu. Nywele zake zilikuwa ndefu, nyeusi, zinang'aa kama boneti la gari jipya la shirika. Usoni alijipaka manjano yaliyokorogwa na asali. Mchele wenyewe akauinjika jikoni.

"Ndivyo wanavyofanya kwao Kambodia," mlinzi wa lango alimweleza Thobias. "Bibi yake alifanya, mama yake alifanya."

"Hiyo Kambodia iko wapi?"

"Mbali."

"Kupita Biharamulo?"

"Ee, kupita kabisa."

Thobias aliondoka pale akiwa daktari.

Tusimdharau. Wengine husoma miaka saba kwa kazi ileile. Yeye alizaliwa Murusagamba kwenye migomba ya mama yake, akalikimbia jembe mapema, na tangu hapo alikuwa ameshauza miwani ya kuonea ndoto na sabuni ya kuoshea bahati mbaya. Sasa alinunua koti jeupe la mtumba, akachomeka kalamu mfukoni (haikuwa na wino, lakini hakuna mgonjwa aliyewahi kukagua wino wa daktari), akashika njia ya gulioni.

Miaka ile mji ulikuwa umefurika. Wakimbizi walijaa kambini, malori ya chakula yalijaa barabarani, na wageni wa mashirika walijaa kwenye kila nyumba yenye bati. Aliyekuwa na vyumba viwili alipangisha kimoja na kununua kioo. Na aliyenunua kioo, maskini, alianza kujitazama. Hapo ndipo Dokta Thobias alipowasubiri.

"Akina mama wa Ntobeye, akina dada wa Bugarama! Dawa ya malkia wa Kambodia!

*Ukipaka utang'aa, kama bati la balozi,*
*Hutahitaji na taa, mwanga watoka kwa ngozi!*"

Masharti yalikuwa mepesi. Kila mteja alete kilo moja ya mchele, ndimu mbili na manjano kidogo. Daktari angeuosha mchele huo mwenyewe kwa ndimu na manjano hayo, huku akinong'ona Kikambodia ambacho Mkambodia yeyote angelia kukisikia, na mteja angeondoka na chupa ya maji ya njano.

"Na mchele wangu?" aliuliza mteja wa kwanza.

Thobias alimtazama kwa huruma kubwa. "Dada yangu. Uzuri wote umeingia kwenye maji. Kwenye mchele kumebaki nini?"

"Nini?"

"Ubaya mtupu. Sumu! Atakayeula atanyonyoka nywele mpaka nyusi. Niachie mimi. Nitauzika mbali, mahali ambapo hata kuku hafiki."

Mahali hapo paliitwa Hoteli ya Melania. Melania aliwapikia madereva wa malori, na hakuwa mtu wa kuuliza mchele umetoka wapi. Thobias aliuanika kwenye mkeka, akaupeleka kwa mlango wa nyuma, na madereva wakausifu: wali wa njano, wenye harufu ya ndimu, kama wa nyumbani kwao hasa. Aliyeusifu kuliko wote alikuwa Kamanda Faustini wa mgambo, aliyekula sahani mbili kila mchana na kuondoka bila kukumbuka jambo dogo la kulipa.

Ajabu ni kwamba nywele za akina mama zililainika kweli. Dawa haikuwa ya uongo. Wa uongo alikuwa daktari.

Basi zikamfikia habari za gunia.

Gunia lilikuwa la Mama Eufrazia, mjane mwenye nyumba mbili na sauti ya kutosha nyumba nne. Binti yake Esperansia alikuwa anaolewa Jumamosi na kijana wa Biharamulo, na wakwe walikuwa wameshasema, kwa upole ule unaochoma, kwamba wangekuja na chakula chao endapo huku Ngara kingekuwa shida. Mama Eufrazia hakulala siku mbili. Siku ya tatu aliuza ng'ombe, akanunua gunia zima la mchele. Heshima yake yote ilikuwa imeshonwa humo ndani.

"Shikamoo, mama," Thobias alisema, akiinama mpaka kalamu ikadondoka.

"Marahaba, dokta. Nataka mwanangu ang'ae."

"Kilo moja itamtosha. Lakini..." Daktari alishusha pumzi. "Wakwe watamtazama yeye peke yake? Watatazama shangazi. Watatazama mama mzaa chema. Ukoo mzima usipong'aa, bibi arusi ataonekana wa kuazima."

"Kwa hiyo?"

"Gunia, mama. Gunia lote."

"Na wakwe watakula nini?"

"Ndizi! Wakishauona uzuri huo, nani atakumbuka tumbo?"

"Nitafikiri," alisema Mama Eufrazia.

Jioni hiyo alikwenda kwa Melania kuazima masufuria makubwa. Melania, kwa adabu za biashara, alimpakulia wali. Mama Eufrazia alionja kijiko kimoja. Akatafuna. Akanusa. Akaonja cha pili polepole sana, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akaomba sahani nyingine na kumuuliza Melania maswali mawili matatu. Aliporudi nyumbani alikuwa anaimba nyimbo za kwaya.

"Mwambieni dokta aje Jumamosi alfajiri," aliagiza. "Ukoo mzima utang'aa."

Thobias alifika na baiskeli mbili za kukodi. Uwanjani palikuwa na akina mama thelathini, mabeseni kumi, na masufuria yanayochemka. Maji ya ndizi, alidhani.

"Uchambue kwanza, dokta," alisema Mama Eufrazia. "Kijiwe kimoja kikipita kwenye ngozi ya mwanangu, si kitamchubua?"

"Mama, kuchambua si..."

"Au Kambodia hawachambui?"

Wanachambua. Thobias alikaa na ungo akachambua gunia zima, punje kwa punje, huku akina mama wakimpa moyo.

"Dokta ana mikono ya mke mwema!"

"Mimi ningemwoa, ila anaongea sana!"

Kisha akauosha, maji saba. Kila aliposema umetakata, shangazi mmoja alichungulia beseni na kuona bado umebaki uzuri kidogo. Jua lilipopanda juu vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa mtoni. Lakini moyo wake uliimba. Gunia zima! Alianza kuupakia kwenye baiskeli, ukichuruzika maji.

"Ngoja, dokta," alisema Mama Eufrazia. "Kuna mtu amekuja kukuaga."

Kamanda Faustini alitoka nyuma ya nyumba, Melania akimfuata akiwa ameinamisha kichwa. Kamanda alivua kofia. Utosini palikuwa na uwanja mpana wa upara, wa miaka mingi.

"Nimekula wali wa Melania siku kumi na moja," alisema taratibu. "Nasikia wali huo unang'oa nywele. Hii nini?"

"Hiyo... hiyo ilikuwepo, kamanda!"

"Imepanuka."

"Haijapanuka! Mchele ni salama, kamanda, salama kabisa! Sumu haimo hata chembe!"

Akina mama thelathini walisema "Aaa!" kwa pamoja, wakasimama.

"Chagua, mwanangu," alisema Mama Eufrazia, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Mchele ukiwa na sumu, umemlisha kamanda wa mgambo. Ukiwa salama, umetuibia. Masufuria yanachemka, wakwe wako njiani. Chagua upesi."

Thobias alitazama fimbo ya Faustini. Akatazama akina mama thelathini.

Ndipo nesi wa Kambodia alipotoka ndani, alikokuwa akimvisha bibi arusi, maana Mama Eufrazia alikuwa amefanya jambo ambalo mji mzima haukulifikiria: alibisha hodi na kumwuliza. Jina lake lilikuwa Sophea. Aliusogelea mchele, akauchota kiganjani.

"Mimi mtoto, mimi pia kambini," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchagua. "Sabuni hakuna. Mama anaosha mchele, maji anamwaga kichwani kwangu, mchele tunakula. Punje moja hatupi." Akamtazama Thobias na koti lake. "Wewe daktari wapi?"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomwumiza.

"Murusagamba," alijibu kwa sauti ndogo.

Mchele ukashushwa kwenye baiskeli na kuingia masufuriani, umechambuliwa na kuoshwa vizuri kuliko mchele wowote uliowahi kuliwa na wakwe wa Biharamulo. Thobias hakufukuzwa, kwani vyombo navyo vilihitaji mtu. Kabla hajapewa beseni, Mama Eufrazia alimsimamisha juu ya kinu, mbele ya wote.

"Sema wasikie hata wa Bugarama. Zile kilo zao ulizozika?"

Thobias alimfikiria mama yake, migomba yake, na lile jembe ambalo bila shaka lilikuwa bado limeegemea palepale alipoliacha. Akainua mikono yake iliyokunjamana.

"Mama Eufrazia, shahidi wangu kamanda na utosi wake: nitalima mpaka mavuno, na kila kilo niliyoizika, nitaifufua!"