Kisanduku Chini ya Katibu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa na Katibu Mkuu wa Wizara. Mimi, Oola wa masijala! Anataka ukurasa mmoja wa historia ya Wizara ya Ulinzi na chati mpya ya muundo wake, vitundikwe ukumbini Ijumaa. Kile chumba chenye dirisha, ghorofa ya tatu, kitapewa kitengo kilicho karibu naye zaidi kwenye chati. Miaka kumi na moja sijaona dirisha. Akwero, mkuu wa Usafiri, naye anakitaka. Maskini Akwero. Kalamu ninayo mimi.

Jumanne, 4 Machi

Historia imekwisha kabla ya chai. Wizara ilianza na meza moja katika ofisi ya wengine, ikapata jengo, ikabadilishwa jina, ikahama, ikarudishiwa jina. Nimeongeza kwamba faili la kwanza lilibebwa na kijana shupavu aitwaye Erinayo. Ni baba yangu. Alikuwa akifungua geti, lakini mikono alikuwa nayo.

Chati imenitoa jasho. Waziri juu. Chini yake Katibu kwa raia, Mkuu wa Majeshi kwa askari. Masijala siku zote iko chini kabisa, na mistari miwili inashuka kwa Anena, mpiga chapa, na mzee Kasim, tarishi. Nimeing'oa. Sasa iko peke yake chini ya Katibu, kwa mstari mnene. Mistari ya chini nimeifuta, inaharibu sura. Usafiri nimeusogeza jirani na Kantini.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda mtaa wa Wandegeya, kwa Mushagalusa, Mkongo anayetuchapia. Aliitazama chati kwa muda mrefu.

“Mukubwa, haka kasanduku kako hakana batoto.”

Nilimwambia achape, mambo ya serikali aiachie serikali.

Ijumaa, 7 Machi

Katibu ametia saini na muhuri bila kusoma. Imetundikwa. Nimepita mbele yake mara sita. Akwero aliisoma, akanipa pongezi. Wivu huo.

Jumatatu, 10 Machi

Meza ya Anena haipo. Kasim hayupo. Hata birika! Utawala wanasema kwamba katika Wizara hii chati yenye muhuri ni amri: kisanduku kisicho na mstari chini hakina watu. Wote wawili wamepelekwa Usafiri, na chumba chenye dirisha amepewa Akwero, kwa kuwa amezidiwa na watu.

Nilipanda kulalamika. Nilikumbusha ahadi ya kitengo kilicho karibu zaidi. Katibu alikubali kwamba ahadi ni ahadi. Akaamuru meza yangu iwekwe koridoni, mlangoni pake.

“Umechora mwenyewe, Bwana Oola,” akasema, bila hasira.

Inauma. Watu wananiuliza choo kiko wapi.

Alhamisi, 13 Machi

Katibu anataka chati isahihishwe kufikia kesho. Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa utulivu, na nimeliona: nilikuwa mnyenyekevu mno. Safari hii Masijala iko juu ya Katibu. Kidogo tu, upana wa kidole. Batoto nao nimewakumbuka: Anena, Kasim na Akwero. Mushagalusa aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikamwambia achape.

Kesho Katibu anatia saini. Kusoma huwa hasomi.