Kichwa cha Waya Kisicholegea

Jumatatu, 4 Machi

Mama Watoto,

Kazini kuna shindano. Ijumaa fundi mkuu atachagua kichwa cha waya kitakachochomekwa nyuma ya redio zetu mpya. Nimeamua kiwe changu. Sababu unaijua. Redio yetu ilikuwa haisemi mpaka ukunje kipande cha boksi la kiberiti, ukipachike pembeni ya waya, kisha ushikilie kwa kidole hadi habari ziishe. Na mumeo ni fundi wa vichwa vya waya! Nataka kitoke kimoja kisichohitaji kidole cha mtu.

Mdogo wako naye anashindana. Ameniambia, shemeji, haya mambo waachie vijana. Nimemjibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Sijui inahusiana vipi, lakini alirudi kwenye benchi lake.

Jumanne, 5 Machi

Ndani ya kichwa mna vibati viwili vya shaba vinavyoibana pini ya redio. Plastiki ya moto humiminwa kwenye kalibu kuvizunguka. Lazima tundu la kuingilia pini lizibwe, la sivyo plastiki inapenya. Wenzangu huziba kwa pini ya chuma. Mimi nimewaza mbali zaidi: nta ya mshumaa.

Nta imeyeyuka. Vibati vimezikwa vizima vizima. Shemeji ameuliza kama siku hizi natengeneza vizuizi vya milango.

Jumatano, 6 Machi

Nimetumia pini ya chuma, nikiwa nimempa shemeji mgongo. Kimetoka kizuri. Ningeishia hapo. Lakini kama kubana ni kuzuri, kubana zaidi si ndiko kuzuri zaidi? Nimemimina kingine, vibati nimevikunja kwa koleo hadi vikabusiana.

Nyumbani, kitinda mimba wetu amekitazama, akasema Baba, hicho kitauma mtu. Ana macho yako. Mdomo pia.

Ijumaa, 8 Machi

Alianza shemeji. Fundi mkuu alitikisa waya, redio ikakatakata kama mwenye kwikwi. Nilisikitika kwa uso.

Changu alikitikisa, redio ikaimba tu. Akavuta ili akitoe. Wapi. Akavuta kwa mikono miwili, redio ikainuka mezani, ikaning'inia kwenye waya wake ikiimba, kisha ikampiga gotini. Shemeji alicheka hadi akakaa chini.

Fundi mkuu, huku akisugua goti, alisema shaba imegusana kwelikweli, ila mteja si fahali. Nilegeze, nilete tena Jumatatu. Shemeji anisaidie gamba la nje la plastiki, kwa kuwa lake lina mikunjo ya kushikia vidole. Wengine hawakuambiwa warudi.

Jumapili, 10 Machi

Jana tulikaa benchi moja, mimi na mdogo wako. Vibati tumevilegeza, gamba ni lake. Leo amekuja nacho nyumbani, tukakichomeka kwenye redio yetu uliyotuachia. Ikasema yenyewe. Kwa mazoea nilikuwa nimeshakunja kipande cha boksi la kiberiti. Sikuwa na pa kukipachika, kiko mfukoni. Mtoto akaongeza sauti, tukasikiliza habari hadi mwisho, mikono yote mapajani.

Shemeji ameondoka akifurahi. Hajui kwamba kesho nitamtangulia kazini nimimine kingine, vibati vimekaza kidogo tu. Na tundu nitaliziba kwa nta. Mshumaa wa siku ile ulikuwa hafifu.

Huko uliko, fundi mkuu atakapoanza kuvuta, nikumbuke.