Miezi Kumi na Moja Bila Herufi P

Jumatatu, 4 Februari

Mwezi wa kumi na moja hapa Valdecorzos, Hispania. Nilikuja kwa miezi mitatu. Mtihani wa Kihispania nimefeli mara mbili, na kosa ni lile lile: herufi p. Sisi tuliokulia kwenye Kiarabu hatuna p. Nikiitafuta inakuja b.

Leo barua kutoka kwa mke wangu Nagwa, kwetu Giza. Kaka yake amechoka kuningoja. Nisipopata cheti safari hii, kazi ya kuongoza watalii wa Kihispania anampa mtu mwingine. Nagwa mwenyewe hakuongeza neno. Salamu tu. Hizo salamu ndizo zinazonitisha.

Mtihani ni tarehe 22. Kujifunza p sina muda. Nimeamua kuachana nayo. Lugha ina maelfu ya maneno. Mwenye akili atachagua yasiyo na p na aishi kwa heshima. Orodha nimeshaianza.

Jumatano, 6 Februari

Siku ya kwanza. Ngumu kuliko nilivyodhani.

Mkate kwa Kihispania, *pan*, una p. Anayeuleta kwa gari ni Ilie, Mromania, ambaye alikuja baada yangu na kwa miezi minne akawa anaongea kama mwenyeji. Wanasema lugha yao na hii ni mtu na binamu yake. Basi huo si ujuzi, ni urithi. Nikamwomba anipe kile cha jana. Akauliza kipi. Nikasema kile cha kila siku. Wanawake kwenye foleni wakanyamaza ili wasikie vizuri. Ilie akaniwekea mkate mkononi polepole, kama anamlisha mgonjwa, akasema, "Mkate, ndugu yangu. Sema tu mkate." Nikamshukuru. Ana roho mbaya sana.

Kuku naye ana p. Dukani nikaomba mama wa yai. Mwenye duka akawaza, akaenda uani, akarudi na kuku hai, amemning'iniza kwa miguu. Nilitaka kumwambia "ndiyo, lakini." Neno "lakini" nalo lina p. Nimerudi na kuku. Bi Visitación, mwenye nyumba wangu, amemfungia penye kuni bila kuniuliza kitu. Ni mwanamke wa hekima.

Ijumaa, 8 Februari

Baba yake Bi Visitación, Mzee Eutimio, ana miaka themanini na minane. Alichunga kondoo tangu ana miaka tisa. Kila asubuhi huniita kwenye benchi la juani, huchukua vidole vyangu na kuviweka kooni pake. Anatamka p: koo limetulia. Anatamka b: koo linatetemeka. Kisha ananiwekea vidole vile vile kooni pangu. Pananguruma. "Tena," anasema. Miezi kumi na moja ya "tena." Hajanicheka hata siku moja, jambo ambalo naona linachosha.

Leo nimemwambia daktari amenikataza kushika koo. Akasema, basi tukae tu. Tukakaa. Alikuwa anakohoa. Nimeokoa nusu saa, nikaitumia kwenye orodha.

Jumanne, 12 Februari

Mzee hajatoka nje tangu juzi. Daktari amekuja. Ni mapafu. Bi Visitación ananiambia baba yake ameniulizia kama koo langu limepona. Nikasema linaendelea vizuri.

Niliingia kumjulia hali. Alinyanyua vidole viwili juu ya blanketi, kidogo tu, kunielekea. Nikajifanya sijaona. Nikamwambia maneno mengi ya kutia moyo, hata moja halina p. Akafumba macho. Nadhani alikuwa amechoka.

Alhamisi, 14 Februari

Mzee Eutimio amefariki leo alfajiri.

Nyumba imejaa wanawake. Nimebeba viti kutoka kwa majirani, thelathini na kitu. Kazi isiyotaka lugha.

Mazishi ni kesho. Desturi yao ni kwamba misa ikiisha, wafiwa husimama mlangoni pa kanisa, na kila mtu hupita akitoa neno lake la pole: *pésame*. Ukiweka b, neno hilo linakuwa "nibusu." Nimeshinda nalo mchana kutwa. Orodha yangu haina mbadala.

Nina mpango. Nitasimama nyuma ya Ilie, karibu kabisa. Ana sauti nene. Yeye akisema, mimi nitachezesha midomo.

Ijumaa, 15 Februari

Nilisimama nyuma ya Ilie. Mstari ulikwenda taratibu. Baridi kali. Tulipomfikia Bi Visitación, Ilie akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Mzee alikuwa akimpokea kila asubuhi pale barabarani, gari la mkate likifika, sikujua. Akampa mkono, akapita huku analia.

Nikabaki mimi, midomo ikiwa imeshaanza. Sauti ikatoka, tena kubwa. Nilimwomba mfiwa anibusu, mbele ya mji mzima.

Padri akatazama viatu vyake.

Bi Visitación akanishika uso kwa mikono miwili, akanibusu shavu hili na hili. Akasema, "Baba aliniambia juzi. 'Yule Mmisri atakuomba busu kwenye mazishi yangu. Mpe, asije akaaibika.'" Kisha akalia, mara ya kwanza tangu jana. Nami nikalia. Hilo sikulipanga.

Nimetembea peke yangu hadi mwisho wa mji na kurudi. Nimejaribu kuwaza vizuri. Ilie alipewa mkono tu. Mimi nilibusiwa mara mbili.

Ijumaa, 22 Februari

Mtihani. Mwanamke wa makamo, mpole. Akasema nimweleze mtu ninayemheshimu, kwa dakika tano. Sikusita. Mzee Eutimio.

Hapo ndipo nilipogundua. Baba, mchungaji, mbwa, maskini, subira, kijiji: kwa Kihispania yote yana p. Mtu mzima alikuwa amejaa p. Nikabaki na nyota, baridi, ukimya, na miezi mingi mbali na nyumbani. Nikavisema hivyo, kwa moyo wote. Mtahini akaacha kuandika. Akauliza, "Kumbe alikuwa baharia?"

Nikaona vidole vyangu viko kooni. Sijui vilifikaje. Nikavishusha. Mchungaji ana p, baharia hana. Nikasema ndiyo, baharia.

Akauliza alisafiri bahari ipi. Nikamwambia Atlantiki. Pasifiki isingewezekana.

Jumatano, 20 Machi

Nimefaulu! Barua inasema mtahini aliguswa sana na habari za yule baharia.

Bi Visitación akaniuliza nilisema nini juu ya baba yake. Nikamwambia nilisema yote. Akaibandika nakala ya cheti ukutani, kando ya picha ya mzee, ile ambayo ameshika fimbo, kondoo wamemzunguka. Nikala chakula changu nikiwa nimeipa picha mgongo. Mwanga wa dirishani ulikuwa unaniumiza macho.

Nagwa ameandika ukurasa mzima. Kaka yake amekubali. Kundi la kwanza ni Wahispania arobaini, tarehe 2 Aprili. Ilie ameniambia ana siku kumi za kunifundisha p kabla sijaondoka, bure. Nikamjibu kwamba mwenye cheti hafundishwi na mwuza mkate. Sijui kwa nini watu hawapendi kuona mpango umefanikiwa.

Nimeketi kuandaa maelezo ya ziara. Piramidi ina p: nitasema "nyumba ile kubwa ya mawe." Karatasi za mafunjo tutazipita bila kusimama. Kuna tatizo moja dogo. Nchi yenyewe, Misri, kwa Kihispania ina p katikati.

Nitasema *aquí*, yaani "hapa."