Mikono Ishirini na Minne Ukutani

Jumatatu, 6 Julai 1992

Sijawahi kumwambia mtu: namwogopa Shafiq, fundi redio. Si mkali. Ni mpole, na hapo ndipo shida ilipo. Mtu mpole utamwambiaje neno la kumuudhi? Shuleni nimefundishwa kuomba kwa Kifaransa na kwa Kinyarwanda. Nashindwa kwa zote mbili.

Karakana yake na chumba ninacholala na Bibi, ukuta ni mmoja. Tangu asubuhi anajaribu spika. Leo muuguzi amempima Bibi. Presha imepanda tena. Amesema kelele zinamnyima usingizi, na moyo wa mzee usiopumzika huchoka upesi. Baba akanituma: Kaliza, nenda kamwambie jirani, kwa adabu.

Nimekwenda. Shafiq akauliza habari za nyumbani, za Bibi, za masomo. Kisha: haya, mdogo wangu, una shida gani? Nikasema tunaupenda muziki wake.

Jumanne, 7 Julai

Shafiq amesogeza spika kubwa kwenye ukuta wetu. Eti zawadi ya ujirani. Glasi ya Bibi inatembea mezani yenyewe. Bibi amejifunga kitambaa kichwani, macho mekundu. Baba akauliza kama ujumbe ulifika. Nikasema Shafiq ameutilia maanani sana. Si uongo.

Jumatano, 8 Julai

Nimepata dawa. Nguo humeza sauti. Dukani kwa Baba, katikati ya majora, mtu akikohoa humsikii. Chini ya meza yake ya kushonea kuna gunia la vipande. Nimevishona tabaka tatu, nikavipigilia ukutani. Muziki sasa ni kama mtu anayesema ndani ya blanketi. Bibi amelala mchana kutwa, mdomo wazi. Mimi ni mhandisi.

Alhamisi, 9 Julai

Gunia la mabaki ni lile la kushoto. Mimi nilichukua la kulia: mikono ishirini na minne ya kanzu za kwaya ya mama Béatha, imeshakatwa, ya Jumapili hii. Baba ameikuta imetobolewa kwa misumari. Akauliza kwa nini sikumwambia Shafiq tu. Nikaanza kung'oa misumari.

Vishindo vya kung'oa misumari vikamleta Shafiq. Akauliza kama spika inatosha au aongeze. Bibi akasema: mwanangu, inaniua. Shafiq akashika kichwa. Mbona huyu mtoto alisema mnaupenda? Akaenda akazima. Basi. Kung'oa msumari mmoja tu kulinichukua muda mrefu zaidi ya hapo.

Ijumaa, 10 Julai

Kimya. Bibi anakoroma. Baba anakata mikono upya, haitakuwa tayari kabla ya Jumanne. Amenituma kwa mama Béatha: mwambie ukweli, mwombe radhi, Jumapili wavae kanzu za zamani. Umeona kwa Shafiq, neno moja linatosha.

Nimeona. Somo limeniingia.

Mama Béatha akanikaribisha chai. Akauliza kanzu zimefika wapi, uso unang'aa. Nikasema zimekwisha, zinapendeza mno, aje tu azichukue leo.

Nyumba imetulia hata nasikia viatu toka kona ya barabara. Vya visigino. Vimepita kwa Shafiq. Viko mlangoni. Daftari liingie chini ya mto wa Bibi. Ikiwezekana, na mimi.