Waridi Lenye Kona Nane

Jumatatu, 6 Julai 1998
Mashine imekamilika! Miezi minne tangu kiwanda cha nguo kinipunguze kazini, na leo mimi, Anselmi, fundi mitambo wa Mafiga, nina kompyuta inayoshona. Kompyuta ni kuukuu, ya mwalimu mmoja wa Mazimbu. Mota mbili zimetoka kwenye printa mbovu. Cherehani ni ya mke wangu, Scholastika, nitamwambia. Fremu ya kunyooshea kitambaa ni kitanda cha wageni. Hatuna wageni.

Sista Cecilia wa nyumba ya wageni ya misheni, huko milimani kwenye baridi, anataka mifarishi: yale matandiko mazito ya nguo mbili na pamba katikati. Sampuli Jumapili. Ameomba kwangu na kwa jirani yetu Bi Mwaisha, anayeshona kwa mkono. Kwa mkono! Nilimwonea huruma.

Jumanne, 7 Julai, Sabasaba
Wengine wanapumzika. Mimi nimechora waridi kwenye kompyuta. Kuna namba mbili za kupanga: kasi ya mota, na jinsi mota inavyoikimbilia kasi hiyo. Kitabu cha fizikia kinaiita mchapuko. Nikaweka zote kubwa. Mota zikalia, zikaruka hatua, waridi likatoka na kona nane. Nikamwambia Scholastika ni kabichi, watu wa milimani watalipenda. Akasema kabichi halina kona. Kisha akauliza cherehani yake imefikaje pale.

Jumatano, 8 Julai
Nimepunguza mchapuko mno. Sasa fremu inajivuta kila penye kona, huku sindano inadunda palepale. Uzi umerundikana kama kichuguu. Sindano tatu zimevunjika.

Mchana nilikwenda kumpeleleza Bi Mwaisha, nikijifanya naomba kiberiti. Shikamoo, marahaba, nikaketi. Alijua nilichofuata. Akanionyesha: kwenye kona, nguo na sindano vipunguze mwendo pamoja, si kimoja peke yake. Nikamshukuru. Maskini, hajui kompyuta.

Ijumaa, 10 Julai
Kitambaa cha majaribio kimekwisha. Kabatini kulikuwa na shuka jeupe ambalo Scholastika aliachiwa na marehemu mama yake. Halijawahi kutandikwa. Nikaona linakaa bure.

Nikaweka namba ndogondogo. Nusu waridi ikatoka safi. Ningeishia hapo. Lakini nilitaka Scholastika akirudi kutoka sokoni alikute limekamilika. Nikazidisha kasi mara tano. Fremu ikakimbia na shuka, sindano ikiwa ndani. Likachanika vipande viwili.

Scholastika alinikuta nimevishika, kimoja kila mkono.

"Baba Pendo," akasema, "mama alishona upindo huu akiwa haoni vizuri."

Aliketi ukingoni mwa kile kitanda. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 11 Julai
Nimekwenda kwa Bi Mwaisha, safari hii bila kuomba kiberiti. Nikamweleza yote. Akaja mwenyewe, akakaa na Scholastika, wakaviunganisha vipande vile kuwa uso wa mfarishi, upindo wa marehemu ukabaki mzima. Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Nilishindwa mara nyingi. Jioni Scholastika alinipa chai. Hakunitazama, lakini alitia sukari.

Jumapili, 12 Julai
Sista alikuja baada ya misa. Aliupapasa mfarishi wa akina mama kwa muda mrefu. Scholastika akamwambia ule hautoki nyumbani. Sista akasema basi wamshonee mingine ya namna hiyo. Kazi imekwenda kwao wawili.

Kisha akaigeukia mashine yangu. Akauliza kama inaweza kushona mistari iliyonyooka, ya matandiko ya wafanyakazi. Nikasema inaweza, hata ikiwa imesinzia.

"Mistari tu, Baba Pendo," akasema Scholastika mbele ya Sista.

Nikaapa.

Jumatatu, 13 Julai
Nimejifunza unyenyekevu. Hadi saa nne asubuhi mistari saba, imenyooka kama reli ya Kisaki. Sista atafurahi. Ila mistari mitupu inachosha macho, na mfanyakazi aliyechoka angelala vizuri zaidi chini ya tembo. Tembo ni mviringo mtupu, hasumbui. Scholastika yuko kwa Bi Mwaisha. Nimepandisha kasi kidogo. Kisha kidogo tena. Naanza na mkonga.