Dumuzi Waliohudhuria Misa

Jumatano, 11 Juni 2025
Ujumbe wa profesa umenikuta Sumbawanga mjini, chai mkononi. Wanafunzi wake wa shahada ya uzamivu tulioko Ufipa tuwaeleze wananchi utafiti wetu, kwa lugha nyepesi. Atakayepata wasikilizaji wengi ndiye atakayekwenda kuwasilisha mkutanoni Arusha. Tuko wawili tu, mimi na Jovina. Jovina anachunguza samadi. Samadi! Mimi nachunguza dumuzi, mdudu anayeligeuza gunia la mahindi kuwa unga kabla mwenyewe hajafika mashineni. Mwaka wa nne huu. Arusha ni yangu.

Alhamisi, 12 Juni
Jovina ameshaanza. Anaongea na akina mama wakisubiri zamu kwenye mashine ya kusaga. Wanacheka, wanamuuliza maswali! Nikangoja aondoke, nikachukua nafasi yake. Ndipo mashine ikawashwa. Nimepiga kelele dakika arobaini. Mwishoni alibaki mwendesha mashine peke yake, masikio kayaziba kwa pamba. Alinipongeza sana.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepata! Watu wasioweza kuondoka wako wapi? Kanisani! Nimemfuata katekista Alois, wa kigango kimoja njia ya Kaengesa. Kanipa dakika tatu Jumapili, baada ya matangazo, na kanisihi nisitaje kemia. Nitakwenda na dumuzi hai mia mbili. Nimeshawatia kwenye kopo la plastiki. Jovina ajaribu kuingiza samadi kanisani tuone.

Jumapili, 15 Juni
Aibu. Kumbe leo ilikuwa sadaka ya mavuno. Magunia ishirini ya mahindi mbele ya altare. Nikaweka kopo juu ya moja, nikasubiri. Nilipoitwa nikaliinua. Jepesi! Lina matundu kama ya sindano. Ukurasa wa 112 wa tasnifu yangu unaeleza wazi kwamba dumuzi hutoboa plastiki. Sikuukumbuka.

Nikatangaza, kwa sauti ya kitaaluma, kwamba wageni wetu wametoka. Mzee mmoja akauliza wametoka kwenda wapi. Nikaonyesha magunia kwa kidole.

Padri alitoa baraka akiwa na watoto na wagonjwa. Wengine wote walikuwa nje, wanakimbia na magunia.

Jumatatu, 16 Juni
Padri hakunigombeza. Alinipa ungo. Kutwa nzima juani, turubai uwanjani, napepeta sadaka pamoja na akina mama. Jovina naye akatokea na chekeche. Nilidhani kaja kunicheka, lakini alimaliza magunia mengi kuliko mimi. Inaudhi.

Bibi Justina, jirani yangu kwenye turubai, alipoteza nusu ya mahindi yake mwaka jana. Akaniuliza mdudu huyu alipitia wapi. Nikamweleza, mikono inafanya kazi: hujificha ndani ya miti ya kihenge chenyewe, akingoja mavuno mapya. Bibi akaacha kupepeta. “Kumbe, mwanangu! Miaka yote nalaumu dawa, na adui nimemjengea nyumba mwenyewe!”

Basi wote wakasogea. Maswali saa mbili nzima! Familia kumi na moja zimeniomba nikakague vihenge kabla hazijaingiza mahindi. Mimi nilikuwa natamani waninyamazie, nikafikirie hotuba.

Jumatano, 18 Juni
Profesa kapiga simu. Anakwenda Jovina. Nilikuwa nimeandika kwenye ripoti kwamba nilihutubia kanisa zima, lakini kasema watu wanaokimbia hawahesabiki. Akauliza wale wa juzi kwenye turubai, aliosimuliwa na Jovina, walikuwa wangapi. Nikamwambia wale hawakuwa wasikilizaji, tulikuwa tunapiga soga tu. Simu ikakatika. Mtandao wa huku mbaya sana.

Bibi Justina naye katuma ujumbe: kihenge kiko wazi, nafika lini? Nimemjibu avumilie, wiki hii nimebanwa. Jumamosi kuna harusi Mtowisa. Nimeshaelewana na mshereheshaji. Wageni mia tatu, na hakuna atakayeinuka kabla ya pilau! Nimeandaa slaidi sabini na nane.

Bibi harusi bado hajaambiwa.