Serikali Imekataa Kunifukuza

Jumatatu, 12 Mei
Filemón ameingia jikoni kwetu na simu mkononi, meno yote nje. Serikali inawalipa wasio na makaratasi waondoke wenyewe. Tiketi ya ndege bure, na ukifika kwenu unapewa dola elfu moja. Ameshajiandikisha kwa simu hiyo hiyo. Anarudi Puebla, Mexico, kwa mama yake, mwenye miaka tisini na minne, ambaye hajamwona tangu 1994. Akiondoka harudi tena. Anajua. Hajali.

Nikampa hongera. Miaka thelathini na moja tunaishi jengo moja hapa mtaa wa Corona, yeye chini, mimi juu, na kila Jumapili tunaibiana kwenye domino.

Mimi nina kadi ya ukaazi. Nimeosha vyombo vya nusu ya Manhattan, nimelipa kodi, nina miaka sabini na moja, na hakuna aliyewahi kunipa hata senti niondoke. Mke wangu Eufrosina anasema angekuwa nazo angenipa yeye.

Jumanne, 13 Mei
Nimejiandikisha! Kama Filemón anakwenda bure, nami nakwenda bure, tena ndege hiyo hiyo.

Simu ikafikiri, ikafikiri, ikajibu kwamba niko nchini kihalali. Sistahili. Nimesoma mara tatu. Filemón amecheka mpaka akashika ukuta. "Pole sana, Chencho," akasema. "Umenyimwa kufukuzwa."

Eufrosina akauliza kwa nini nisinunue tiketi kama watu wengine, nimsindikize mwenzangu, nikae wiki mbili, nirudi. Si kadi ninayo? Nikamweleza polepole kwamba mwanamume hanunui kitu ambacho jirani yake anagawiwa. Hakuelewa. Shule hakufika mbali, kama mimi.

Alhamisi, 15 Mei
Mpango wa pili. Nimekwenda kwa Bi. Anahí, wakili wa bure pale kanisani, kuungama uongo wangu wa 1987. Mwaka ule serikali iliwapa makaratasi watu waliofanya kazi mashambani. Mimi nilikuwa nasugua sufuria. Nikaapa nimechuma stroberi Florida msimu mzima. Afisa akaniuliza ugumu wa kazi ile ni nini. Nikasema ni kuupanda mti, hasa ukiwa umelowa. Akagonga muhuri.

Bi. Anahí alijifunika uso kwa faili. Alipopata pumzi akaniambia stroberi hutambaa chini, hazimfiki mtu hata gotini. Miaka thelathini na minane sikujua hilo. Nikasema basi, ushahidi huo, anifutie kadi. Akasema nikiendelea kuyatamka maneno hayo kwa sauti nitafukuzwa kweli, bila tiketi wala dola, na pingu juu yake.

"Nenda nyumbani, babu," akasema.

Nikamuuliza ipi. Akanionyesha mlango.

Maishani mwangu nimefaulu uongo mmoja tu, na huo umegoma kufutika.

Jumamosi, 17 Mei
Mpango wa tatu, na huu ulikuwa na akili. Mimi na Filemón tuna masharubu yanayofanana. Hata muuza mikate hutuchanganya. Basi mimi nisafiri kwa jina lake, yeye asafiri kwa kadi yangu. Amkumbatie mama yake, mwezi ukiisha arudi Corona kwa raha zake. Mimi ningerudije? Sehemu hiyo nilikuwa sijaifikia.

Alipoingia bafuni nikachukua simu yake, nikafungua usajili wake, nikaipiga picha sura yangu. Simu ikasema sura hazilingani. Nikavua kofia. Ikakataa. Nikakunja uso kama yeye anaposhindwa domino. Ikajifunga kabisa. Safari yake imesimamishwa hadi uchunguzi ufanyike.

Filemón hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Alisema tu kwamba mama yake kila asubuhi anawauliza majirani kama ndege imeshatua. Akachukua simu yake akashuka ngazi.

Jumapili, 18 Mei
Hakuna domino. Nimecheza peke yangu. Nimejiibia, na bado nimeshindwa.

Jumatano, 21 Mei
Siku mbili Eufrosina ameshinda ofisini kwa Bi. Anahí, wakipiga simu huku na huku kueleza kwamba yule mzee pichani si mhalifu, ni mpumbavu. Wameaminiwa. Filemón anaondoka tarehe 29.

Nikashuka na sufuria ya kuku wa mole, mchuzi mzito wa pilipili wa kwetu. Filemón akafungua mlango kidogo, akachukua sufuria, akafunga. Nikasimama pale kama mwiko. Baadaye mlango ukafunguka tena.

"Sasa tortilla za kuchovyea ziko wapi, we mzee?" akauliza.

Nikajua yameisha.

Alhamisi, 29 Mei
Uwanja wa ndege. Filemón alivaa koti alilovaa kwenye harusi ya binti yangu. Nilikuwa nimeandaa matusi matano ya kumuaga. Nikatoa moja, nikaanza kulia.

Akaniambia niache kulia, watu watadhani mimi ni mke wake. Nikamwambia mke wake angekuwa anacheka. Akanishika shingo kwa nguvu.

"Njoo, Chencho. Mwenzio nikitoka mlango unafungwa nyuma yangu. Wako uko wazi kote kote, mjinga wewe."

Akaingia. Hakugeuka. Mimi pia nisingegeuka.

Jumapili, 8 Juni
Filemón amepiga simu. Mama yake alimwambia amechelewa chakula, akamchapa kwa kandambili, ndipo akalia. Dola hazijafika, na hakuzikumbuka mpaka nilipomuuliza. Domino anacheza na mpwa wake, kijana mwaminifu, haibi hata kidogo. Anasema ni mateso.

Baada ya misa Eufrosina ameweka bahasha mezani. Tiketi ya kwenda Mexico. Ameinunua kwa hela zake za kushona. Ametaka jambo moja tu: nisipitishe mwaka huko, maana ukikaa nje zaidi ya mwaka kadi inakufa, unakuwa huna makaratasi kama wengine.

Nimemwomba arudie. Amerudia, akidhani nimeguswa.

Nakwenda. Nakaa Puebla mwaka mmoja na siku moja. Kadi inakufa. Kisha narudi kama nilivyokuja mara ya kwanza, kwa miguu, kupitia jangwani, nikiwa na miaka sabini na miwili na goti moja zima. Nikifika Corona sioni mtu, siamkii mtu, nachukua simu najiandikisha.

Hapo wataniambia nini tena? Watanilipa niondoke, wapende wasipende.